Tone la Mafuta kwenye Bawa la Kushoto

Mashine ya kuchukua alama za vidole ilinikataa mara nne. Kijana wa ofisi ya vitambulisho akanipangusa vidole kwa kitambaa chenye spiriti, akanibonyeza tena kwenye kioo, mashine ikalia vilevile. Akaniangalia kana kwamba nimeazima vidole vya mtu.

"Shosho, kwani ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kupiga msasa, mjukuu wangu," nikamwambia.

"Msasa tu?"

"Msasa tu. Miaka yangu yote."

Ninyi vijana wa darasa la useremala mlioniomba niwaandikie kuhusu kazi yangu, anzieni hapo. Alama zangu za vidole zimebaki kwenye vitanda vya watu wa Gitothua, kwenye makabati yao na meza zao za chakula, na zile za mwisho zimebaki kwenye ndege. Naam, ndege. Ndege za mbao nyepesi ya balsa, zenye mabawa ya karatasi, ambazo mtu hubeba kwa vidole viwili na bado akahisi hajabeba kitu. Nimestaafu sasa, goti langu halitaki tena kusimama kutwa, lakini nikiiona moja ikiachia mkono wa mtu na kupanda yenyewe, bado nywele hunisimama. Nawaambia mapema ili msije mkashangaa mkinisikia nikisifu sana.

Kabla ya ndege nilikuwa mama wa msasa kwenye banda la fanicha kule Gitothua. Kule tulijua jambo moja: kitu kizuri ni kizito. Mteja akija haangalii rangi kwanza. Anagonga ubao kwa kiungo cha kidole, anasikiliza, halafu anajaribu kuinua kitanda kwa pembe moja. Kikiinuka kwa urahisi, anasema atarudi kesho, na kesho hiyo haifiki. Kwa hiyo tulijaza misumari, tukajaza gundi, tukapaka vanishi mikono minne, tabaka juu ya tabaka, mpaka mteja akaona meno yake kwenye mlango wa kabati. Nilikuwa hodari, sifichi.

Siku moja akaja mzee mrefu, amevaa koti la bluu lenye kalamu mfukoni, kuagiza meza ya kufanyia kazi. Alitaka uso wa meza ulionyooka kabisa. Alipokuja kuichukua aliinama akaweka shavu lake juu ya ubao, akalitembeza polepole toka mwanzo hadi mwisho. Sisi tukatazamana. Alipoinuka akauliza, "Nani alipiga msasa hapa?"

Nikadhani nimeharibu. Nikainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mama, ukichoka na vitanda, nitafute," akasema. Huyo ndiye Mzee Ndung'u. Alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza ndege za kweli maisha yake yote, na alipostaafu akafungua karakana ndogo Ruiru, ya kuunda ndege za mfano. Shule zilimwagiza za kufundishia, na watu wanaopenda mchezo huo walimwagiza za kurusha wikendi. Nilichoka na vitanda baada ya wiki tatu.

Siku ya kwanza alinipa ubavu mmoja wa bawa. Bawa la ndege lina mbavu, kama sisi, vipande vyembamba vilivyopangwa kutoka mbele kwenda nyuma, na juu yake ndipo karatasi hunyooshwa. Akaniambia niulainishe ukingo. Mimi nikaushika vile ninavyoshika mguu wa kitanda cha mninga, nikakaza msasa, nikapiga mara tano kwa nguvu zangu zote za Gitothua. Nilipofungua mkono hakukuwa na ubavu.

Mzee akaangalia kiganja changu. "Haiya! Nimekupa ubavu wa ndege, unanirudishia unga?"

Fundi mwingine mle ndani, Mutua, mtu wa kutoka huko mashariki ya Thika, alicheka mpaka akaketi chini. Yeye alishughulikia propela na utepe wa mpira unaosokotwa ili ukijifungua uizungushe. Kwa mwezi mzima akawa akinisalimu, "Sasa Mama Unga?" Jina langu la kawaida ni Mama Shiro.

Basi nikafundishwa upya, mtu mzima wa watoto watatu. Balsa haitaki nguvu zako. Gundisha msasa kwenye kibao kilichonyooka, uache uzito wa kibao wenyewe ufanye kazi, mkono wako uwe wa kuongoza tu. Piga kuelekea upande mmoja. Hesabu pumzi zako, kwa sababu ukishusha pumzi kwa kishindo mkono nao hushuka. Na usipime kwa vidole. Vidole vya mtu wa msasa vimekufa ganzi, vitakuambia pamelainika wakati pana kilima. Weka shavuni. Mzee aliniambia hivyo kila siku, "Weka shavuni, Mama Shiro," na mpaka leo siwezi kununua hata mwiko sokoni bila kuupitisha shavuni. Wenye duka wamenizoea.

Mbinu nyingine nilizipata kwa kuangalia. Mchoro wa ndege hutandazwa mezani, na vijiti hushikizwa juu yake kwa pini na kugundishwa hapohapo. Sasa gundi ikidondoka, ndege inashikana na mchoro. Mzee alikuwa akitandaza karatasi ya mkate, ile ya nta, juu ya mchoro, kwa sababu gundi haishiki kwenye karatasi ya mkate. Kwa hiyo pale karakana tulikula mkate mwingi kuliko karakana yoyote ya Ruiru, na tulijisingizia kwamba ni kazi.

Halafu kuna karatasi ya kufunika bawa. Hili ndilo lililonishinda kulizoea. Unachukua karatasi nyembamba sana, unaigundisha pembeni tu mwa bawa, na kwa kweli inaonekana vibaya, ina mikunjo, imelegea kama soksi. Unainyunyizia maji kidogo. Unakwenda kunywa chai. Ukirudi, mikunjo imekwisha yote, karatasi imekazika yenyewe, ukiigusa kwa ukucha inalia kama ngoma ndogo. Mara ya kwanza nilimwita Mutua nikamuuliza ni nani aliyeingia hapa nikiwa nje. Nimefanya hivyo miaka na miaka, na sijawahi hata mara moja kurudi kutoka kwenye chai bila kusimama mlangoni kwanza nitazame.

Baada ya maji ndipo unapaka dawa ya kuifanya karatasi isipitishe hewa. Sisi tuliiita dopu. Ina harufu kali na inashika moto haraka sana. Ukiipaka siku ya unyevu, kama asubuhi za Julai hapa kwetu, inageuka nyeupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na kazi yote imeharibika. Julai moja Mutua aliamua kutusaidia. Alitupashia karakana joto kwa kuingiza jiko la makaa, likiwaka, na makopo ya dopu yako wazi mezani. Sikujua Mzee Ndung'u angeweza kukimbia vile. Alilibeba jiko kwa mikono mitupu hadi nje, akaliweka kwenye matope, akarudi akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mutua, unataka tufike mbinguni kabla ya hizi ndege?" Tangu hapo tukawa tunasubiri jua la saa sita.

Siku hizi mambo ni mengine, na siwalaumu. Nilipelekwa kwa vijana fulani huko Juja kuona mashine inayokata mbao kwa mwanga. Mbavu ishirini zilikatwa wakati mimi natafuta miwani yangu, zote sawasawa. Nilisimama pale nimeshika mdomo. Lakini niliziweka shavuni nikawaambia wale vijana, kingo zake zimeungua, ona zilivyo za kahawia. Pitisheni msasa kidogo kabla ya gundi, la sivyo gundi itashika majivu. Mmoja akaniambia, "Wah, shosho uko juu." Nikakubali kwamba niko juu.

Sasa niwaambie kuhusu ndege ya Mzee mwenyewe.

Miaka yote hiyo alikuwa akiundia watu wengine. Halafu macho yake yakaanza kufifia. Ilikuwa presha ya macho, na alichelewa kwenda hospitali kwa sababu alidhani ni miwani tu. Daktari alimwambia ukweli: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaweza kwenda pia. Hapo ndipo alipoanza kujitengenezea ndege yake. Mbavu alizikata mwenyewe wakati bado anaona mstari wa penseli. Kiwiliwili alikiunda kwa kupapasa. Ilipofika zamu ya kumalizia, msasa wa mwisho, karatasi na dopu, alikuwa anatambua mwanga mkali na kivuli, basi. Akaniwekea mezani.

"Nataka kuiona ikiruka mara moja," akasema. "Jua likiwa kali nitaweza. Ikipita mbele ya jua nitaiona. Lakini mvua zikianza sina jua, na mvua zikiisha sijui kama nitakuwa na macho. Kwa hivyo ni sasa."

Sijawahi kupiga msasa kama ule. Nilifanya kazi siku kumi na mbili. Shavu langu lilipita kila ubavu, kila ukingo. Nilipomaliza karatasi na kupaka dopu mikono miwili, ukabaki mmoja wa mwisho, niliinua ile ndege dirishani, na mwanga ukapita katikati ya mabawa yote mawili. Ungeweza kuhesabu mbavu zote kwa ndani, kama za kitu kilicho hai. Nililia, sioni haya kusema. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu mle karakana.

Na hapo ndipo nilipokosea. Mnajua sisi tulivyo. Gari jipya, tunaliombea. Jiko la gesi, tunaliombea. Kalamu za mtihani huletwa kanisani sandukuni, zikawekewa mikono. Mimi nilikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya upako kwenye mkoba, yaliyoombewa na mchungaji wetu, na moyo ulikuwa umejaa, na nilimtakia yule mzee mema kuliko nilivyoweza kusema. Nikafungua chupa. Nikaweka tone moja kwenye ncha ya bawa la kushoto, nikasema amina, nikaenda nyumbani nikiwa mwepesi.

Kesho yake asubuhi tone lilikuwa limetanuka. Karatasi ilikuwa imegeuka kama karatasi ya mandazi, unaona upande wa pili. Nikapaka dopu ya mwisho nikitumaini, dopu ikakimbia mafuta, ikaacha duara tupu. Nikapangusa, karatasi ikachanika. Chini yake mbao nayo ilikuwa imeshakunywa mafuta. Nilifikiria kuficha, kwani angeonaje? Wazo hilo ndilo lililonitisha zaidi, nikaenda kumwita.

Mzee akaja. Alipapasa bawa kutoka kwenye kiwiliwili hadi ncha, akafika kwenye tundu, akanusa vidole vyake.

"Umeweka nini hapa?"

"Mafuta, Mzee. Ya upako. Tone moja tu."

"Mafuta." Shingo yake ilikuwa imevimba kwa hasira. "Mama Shiro, bawa ni la kubeba hewa. Si ungeomba tu kwa mdomo? Mungu hasikii mpaka umwagie kitu?"

"Nisamehe, Mzee."

"Kata," akasema. "Kata mbao yote iliyolowa. Gundi haitashika hapo."

Tulikata ncha ya bawa mimi nikiwa macho yake. Tukaweka kipande kipya cha balsa, tukaongeza kijiti cha kukishikilia, tukafunika kwa kiraka cha karatasi. Ilipokauka, kesho yake asubuhi, akainua ndege kwa ncha za vidole viwili, chini ya mabawa, kupima mizani. Bawa la kushoto likashuka.

Nikamwambia tuongeze kitu kidogo upande wa kulia, isawazike. Akatikisa kichwa. "Tukiongeza huko tutakuwa tumebeba kosa mara mbili. Itakuwa nzito, haitapanda." Mutua akasema basi tungoje, tutengeneze bawa lingine. Mzee akageuza uso kuelekea mlangoni, alikokuwa anahisi mwanga. "Mutua, mawingu yako wapi?"

Mutua akatoka nje akaangalia. "Yamefunika Kilimambogo, Mzee. Huku bado."

"Basi twende."

Tulikwenda kwenye ploti ya kanisa, nje ya Mugutha, ambayo haijajengwa bado, ni nyasi tupu na mawe ya mipaka. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi, hewa imetulia. Mzee tulimsimamisha katikati ameelekea jua. Mutua alijaribu ndege kwanza bila mpira, kwa kuiachia tu juu ya nyasi. Ikainamia kushoto. Akajaribu tena, ikainamia kushoto. Alinong'ona, "Mama, hii ikipata nguvu itajikunja ishuke na pua. Itavunjika." Nilijua. Nilikuwa nimeshaiona ikivunjika kichwani mwangu mara mia.

"Nasikia mnavyonong'ona," Mzee akasema. "Zungusha mpira. Na anayeirusha ni Mama Shiro. Yeye ndiye aliyeipaka mafuta."

Mutua akasokota mpira kwa keke ya mkono, ile ya kutobolea mbao, mpaka ukawa vifundo vitupu. Nikashika kiwiliwili. Propela ilikuwa ikitetemeka kwenye kidole changu.

"Usirushe," Mzee akasema. "Iachie."

Nikaiachia.

Ilipanda. Jamani, ilipanda! Ikageukia kushoto papo hapo, nami nikafumba macho, nikafumbua, bado ilikuwa inapanda, ikikata duara dogo juu ya vichwa vyetu, dogo kiasi kwamba haikutoka hata nje ya ploti. Mwanga ulikuwa ukipita ndani yake kama pale dirishani. Sauti ya propela ilikuwa kama ya mtu anayepangusa kitambaa. Mutua, mtu wa kelele, alikuwa amevua kofia.

"Iko wapi?" Mzee akauliza.

"Juu yako, Mzee. Inakuja upande wa barabara. Sasa inapita."

Akageuza uso. "Wapi?"

"Imeshapita. Inazunguka tena."

Akatafuta huku, akatafuta kule. Macho yake yalikuwa wazi yanatoa machozi kwa jua, na nikaelewa kwamba haioni. Ndege ilikuwa ndogo mno, na juu mno. Ilizunguka mara ya tatu na ya nne, nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukigusa, naye alikuwa anageukageuka katikati ya ploti kama mtu aliyeitwa na asijue ameitwa kutoka wapi. Mpira ukaisha. Propela ikasimama, kukawa kimya. Nikasema moyoni, sasa imekwisha.

Lakini haikuanguka. Ilianza kushuka kwa duara lilelile, polepole, kila mzunguko chini kidogo ya mwingine. Lau ingekuwa imesawazika kama nilivyotaka, Mutua anasema, ingepotelea huko migombani. Lile bawa la kushoto likaendelea kuirudisha. Ikaja chini, ikaja chini zaidi, na kwenye mzunguko mmoja ikapita katikati ya jua na Mzee Ndung'u, na mimi nikaona kivuli chake kikitembea kwenye nyasi, kikapanda kwenye koti la bluu, kikapita usoni mwake.

Akasimama tuli. Akainua mkono akaweka shavuni.

"Imepita hapa," akasema. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Mama Shiro, nimeiona! Imenipita hapa!"

Ndege ikakaa kwenye nyasi hatua sita kutoka miguuni pake. Tuliirusha mara nne nyingine mpaka mawingu yakafika. Mara mbili kivuli kilimkosa, mara mbili kikampata, na kila kilipompata aliweka mkono palepale.

Mpaka leo Mutua anasema ni uzito wa kiraka. Najua ni uzito wa kiraka, mimi ndiye niliyekibandika. Lakini chupa ile bado iko kwenye mkoba wangu, na Mutua ameacha kunicheka nayo.

Macho ya Mzee yamezimika kabisa sasa. Haoni hata kivuli, lakini anasema jua likikatika shavuni mtu huhisi, na mimi siwezi kubishana na shavu lake. Jumamosi kukiwa na jua tunakwenda ploti, mimi na Mutua na yeye. Na ninyi mnajua kazi yangu ilikuwa nini miaka yote hii: kuondoa kilima, kujaza bonde, kuhakikisha kushoto na kulia ni sawa. Mkono bado unaniwasha nikiiona ile ncha. Jumamosi iliyopita, Mutua alipomaliza kusokota mpira, Mzee aliniita karibu.

"Hujaligusa lile bawa la kushoto?"

"Sijaligusa, Mzee."

"Sawa," akasema, akageuza uso kuelekea jua. "Iachie."